Setilaiti hupita saa nne na nusu: tathmini ya picha za bure kwa sisi tunaorudisha mikoko Pemba

Nianze na bei, maana sokoni ndiyo mtu huiuliza mwanzo. Bure. Huulizwi kadi ya benki, huulizwi picha unaitakia nini. Unafungua Copernicus Browser, tovuti ya picha za setilaiti za Ulaya, kwenye simu, unaivuta dunia kwa vidole viwili mpaka Pemba ikae katikati ya kioo, unachagua tarehe, na mbele yako inakaa picha ya setilaiti ya Sentinel-2, iliyopigwa kutoka kilomita 786 juu ya vichwa vyetu. Kinacholiwa ni bando. La kwangu la elfu moja lilimalizika sijafika hata Wete, kwa sababu sikujua kwamba kila ukisogeza kidole picha inapakuliwa upya. Jifunzeni kwangu: tafuteni mahali penu kwanza, kisha tulizeni mkono.

Mimi ni katibu wa kamati ya uhifadhi ya shehia yetu, huku kaskazini magharibi ya Pemba. Nilisomesha skuli ya msingi miaka mingi, nikastaafu, nikapewa ukatibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Simu yangu kioo chake kimepasuka pembeni. Nayasema haya msije mkadhani anayeandika ni mtaalamu wa ramani. Ni mtu aliyetaka kujua kwa nini mikoko inamfia.

Hori letu, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, lina kama ekari moja na nusu ya tope tupu, mahali ambapo wakubwa wetu wanasema palikuwa na mikoko ya kujifichia. Tulipanda mara tatu. Kila mara ni shughuli: wanafunzi wameruhusiwa skuli, fulana mpya, wageni na viatu vyao vya mpira, na mtu wa kupiga picha. Tukipanda mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya magongo, kwa sababu mbegu yake haina usumbufu. Inaota ikiwa bado juu ya mti, inarefuka, inadondoka. Wewe unaiokota na kuichomeka kwenye tope, umemaliza. Mtoto wa darasa la pili anapanda mia kwa asubuhi moja. Ukirudi baada ya miezi sita unakuta vijiti vikavu vimesimama safu safu, vizuri kwa kuwashia moto wa chai. Mara ya kwanza tukasema jua. Mara ya pili tukasema kaa. Mara ya tatu mama mmoja akasema hasadi, na hakuna aliyembishia.

Mtoto wa kaka yangu anasoma SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Alikuja likizo ya Idi akaniuliza, "Shangazi, nyinyi mmewahi kulitazama hori kutoka juu?" Nikamwambia kutoka juu ya mnazi ndiyo, zamani, kabla ya magoti kuuma. Akanifungulia.

Nilichokitafuta mwanzo, kama kila mtu, ni paa la nyumba yangu. Hutaliona. Kisanduku kimoja cha picha hizi ni meta 10 kwa meta 10, kwa hiyo nyumba, jiko na banda la kuku vyote kwangu ni kisanduku kimoja na kitu, rangi ya vumbi. Usiende na tamaa hiyo. Nenda kutazama msitu.

Kuna mahali pa kubadilisha rangi. Jani lililo hai hurudisha mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni na setilaiti inauona. Mwanga huo ukipakwa rangi nyekundu, msitu mzima unaiva. Msitu wa Ngezi unakuwa mwekundu kama shokishoki. Mikoko nayo nyekundu, lakini iliyokolea, ya kukaribia weusi, kwa kuwa chini yake kuna maji na tope. Na katikati ya hori letu, doa la kijivu. Doa lile nalijua kwa miguu, nimelikanyaga mara ngapi sijui, lakini sikuwahi kuliona umbo. Ni nusu mwezi, na ukingo wake mmoja umenyooka.

Mtoto akasema, "Shangazi, bahari haichori mstari ulionyooka."

Hapo ndipo nilipoanza kuziheshimu hizi picha.

Sentinel-2 ya kwanza ilirushwa 2015, kwa hiyo kumbukumbu yake ni ya juzi. Ukitaka ya kale nenda kwenye Landsat ya Wamarekani, ambayo ya kwanza ilirushwa 1972. Zamani picha zile zilikuwa za kununua; moja ya Landsat 7 ilikuwa dola 600, mpaka 2008 walipofungua ghala na kusema chukueni. Hebu pigeni hesabu: kamati ya shehia, yenye sanduku la michango linalofunguliwa kwa funguo mbili, inunue picha kwa dola 600, na ikifunguliwa ikutwe na wingu juu ya Pemba. Kazi yetu yote isingeanza. Lakini bure isiwalevye. Kisanduku cha Landsat ni meta 30, na picha za Landsat 7 za kuanzia katikati ya 2003 zina mistari myeusi kama mkeka ulioliwa na panya, kwa sababu kifaa chake kimoja kiliharibika huko huko juu na hakuna fundi wa kumpandisha. Picha za Pemba za miaka ya nyuma ni chache, na za masika usizisumbukie kabisa. Utaona pamba tupu.

Tulikaa usiku mbili, yeye anachagua, mimi naandika kwenye daftari. Tukapata moja ya katikati ya miaka ya 1990: lile doa ni jekundu, hakuna doa. Tukapata nyingine ya 2000: kijivu. Basi miti imekufa humo katikati. Picha inakwambia lini. Kwa nini, haikwambii.

Nikaenda kwa mzee mmoja mvuvi, ambaye sote tunamwita Babu hata wenye mvi kama mimi. Nikamwamkia, nikakaa barazani, nikampa simu. Akaisogeza mbali, akaikaribisha, akauliza, "Hii damu?" Nikamwambia ni majani. Akacheka mpaka akakohoa. Nilipomuuliza kulitokea nini pale katika miaka ile, hakucheka.

"Baada ya ile mvua kubwa ya El Nino, wenye mashamba ya chumvi walitia tuta. Maji yalikuwa yakiwaingilia. Mashamba wameyaacha zamani, tuta hawakulitoa."

"Sasa Babu, mbona hukutwambia miaka yote hii?"

"Nyinyi mlikuja na miche. Nani aliuliza tuta?"

Nimelirudia neno hilo katika kila kikao tangu siku ile, na kila nikilirudia kuna mtu anatazama chini.

Tuta lenyewe kwenye Landsat halionekani, ni jembamba mno. Kwa hilo tulikwenda kwenye picha za droni za Zanzibar Mapping Initiative, kazi iliyoanza 2016 chini ya Kamisheni ya Ardhi pamoja na SUZA na Benki ya Dunia. Vijana wetu wenyewe walifundishwa kurusha, wakaipiga picha Unguja na Pemba, na picha zikawekwa wazi kwa kila mtu. Hizi ni kitu kingine kabisa. Kisanduku chake ni sentimita chache. Unauona mti mmoja mmoja, unaiona ngalawa iliyopandishwa ufukweni, na sisi tuliliona tuta: mstari uliomea nyasi, na juu yake kijia cha mbuzi. Paa langu nililiona pia, na bati lililong'oka upande wa jikoni, ambalo mume wangu alikuwa akiniambia kila siku kwamba liko sawa. Kasoro ya picha za droni ni kwamba zimepigwa mara moja. Ni nzuri kama picha ya harusi: mmependeza, lakini haisemi mnaishije sasa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Sentinel-2 kila ikipita juu yetu hupita wakati uleule, kiasi cha saa 4 na nusu asubuhi. Imepangwa hivyo ili jua liwe upande mmoja siku zote na picha zilinganishike. Kwa mtu wa bara hilo halina neno. Lakini muulizeni mama yeyote anayekwenda kuokota chaza au kufunga mwani: bamvua, yale maji makubwa, hupwa saa ngapi? Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kama saa 4. Maana yake ni kwamba setilaiti hii haijawahi kuiona bamvua ikiwa imejaa, na haitaiona. Siku inazoyakuta maji yamejaa saa 4 ni siku za maji mafu, na hayo ni maji mavivu, hayapandi juu. Unaweza kuzitazama picha mia za hori lako, zote mia zikaonyesha tope la juu halina maji, ukaandika kwenye ripoti kwamba bahari haifiki pale. Kumbe inafika kila bamvua, alfajiri na jioni, setilaiti ikiwa upande mwingine wa dunia.

Sijui kama waliochora mapito yake walimfikiria mama wa chaza. Hawakuwa na haja. Lakini sisi tunaoitumia kwa ajili ya mikoko tuna haja, maana mkoko hauishi kwa maji ya saa 4. Unaishi kwa hesabu ya maji yote: yanafika mara ngapi, yanakaa muda gani, yanatoka au yanabaki. Robin Lewis, Mmarekani aliyefanya kazi ya kurudisha mikoko huko Florida kwa miaka mingi, aliona kwamba mikoko inayostawi hufunikwa na maji kama asilimia 30 tu ya muda. Zaidi ya hapo inazama, pungufu ya hapo inaungua kwa chumvi. Fundisho lake ni kwamba ukiyarudisha maji kwenye njia yake, mara nyingi mikoko huja yenyewe, huna haja ya fulana.

Kwa hiyo picha tukaziweka pembeni, tukaenda kwenye tope. Tulikata shingo za chupa za plastiki, tukazifunga kwenye vijiti 12 kwa urefu tofauti, 6 nje ya tuta na 6 ndani, na asubuhi baada ya kila bamvua tulikwenda kutazama ipi imejaa. Nje zilijaa zote isipokuwa ya juu kabisa. Ndani hata moja. Maji yaliyokuwepo ndani yalikuwa ya mvua na ya kujipenyeza, yakikaa juani mpaka yanakuwa makali, ukiyaonja unatema. Ndani ya beseni hilo ndimo tulimokuwa tukichomeka mikoko iliyo mingi miaka yote, tukawasingizia kaa.

Kwa hesabu ya nyakati za maji tulitumia vitu viwili. Kimoja ni takwimu za kipimo cha maji cha bandari ya Zanzibar, ambazo kuanzia 1984 zimewekwa wazi na kituo cha usawa wa bahari cha Chuo Kikuu cha Hawaii. Ndiyo, Hawaii. Kitu cha pili ni vidole vya Babu. Mjini Unguja si horini kwetu, kwa hiyo takwimu zilitupa mwendo na Babu akatupa saa. Hawakukosana.

Kuna nyingine niitaje, kwa asiyetaka kupambana na rangi na tarehe: Global Mangrove Watch. Hii imeshakufanyia kazi, inakuonyesha ramani ya mikoko ya dunia nzima ikiwa tayari imechorwa, kuanzia ile ya 1996, na unaona imeongezeka wapi na imepungua wapi. Ilianza 2011 chini ya shirika la anga la Japani, na Chuo Kikuu cha Aberystwyth kule Wales kina mkono mkubwa humo. Uzuri wake ni kwamba inatumia rada, na rada haijali wingu. Masika yetu kwake si kitu. Ni nyepesi pia, bando halilii. Lakini ramani zake zilizo nyingi zimesukwa kwa visanduku vya meta 25, na wenyewe wameandika waziwazi kwamba mikoko iliyokaa kama utepe mwembamba ukingoni huweza kupotea. Mahori yetu mengi ya Pemba ni tepe. Wa kwetu upande wa kusini una upana wa hatua 15. Basi itumieni kujua habari ya kisiwa, ya wilaya, ya ghuba nzima. Kwa habari ya hori, vaeni viatu.

Lugha: Kiswahili hakuna. Mimi Kiingereza cha skuli ninacho, nikajikokota. Mwenyekiti wetu hana, naye ndiye anayelijua hori kuliko mimi. Hapo ndipo ninapowakata maksi. Kama ni nyota, picha zenyewe nazipa nne kati ya tano, mlango wa kuingilia naupa mbili, na hizo mbili ni kwa sababu mtoto alikuwepo.

Tuliomba ruhusa kwa watu wa misitu, tukakaa na sheha, tukawatafuta hata warithi wa mashamba ya chumvi wasije wakasema tumevunja mali yao. Kisha, siku za maji mafu, tukalikata tuta mahali pawili. Asubuhi sita za jembe. Akina mama walilalamika, na walikuwa na haki: "Mmetuita kuchimba, miche iko wapi?" Tukawaambia safari hii hakuna miche. Mmoja akaniuliza kama wafadhili wameishiwa.

Bamvua ya kwanza maji yaliingia jioni. Watu walikuja kutazama kama wanatazama mashua mpya inashushwa. Yalipita kwenye zile njia mbili, yakatambaa, yakafunika doa lote nusu mwezi, yakatoka usiku. Kesho yake chupa za ndani zilikuwa na maji. Ilipopita kaskazi moja tukakuta miche midogo upande wa chini, majani mawili mawili. Hakuna aliyepanda. Na haikuwa mkoko wenyewe, ilikuwa mchu, aina nyingine ya mikoko. Mbegu yake ndogo, huelea, na maji yamezileta kutoka kwa mama zao ng'ambo ya hori. Yaani hata aina tulikuwa tumekosea. Baadaye nilisoma kwamba kule Ufilipino, watafiti Primavera na Esteban waliandika 2008 jambo hilo hilo: mamilioni ya fedha, upandaji wa miaka mingi, na miche iliyoishi kwa muda mrefu ilikuwa kama asilimia 10 mpaka 20 tu, kwa sababu watu walipenda kupanda mkoko mahali pa mchu na mlilana. Nilijisikia nafuu kidogo. Ujinga wetu una ndugu ng'ambo.

Sasa niseme la moyoni, halihusu setilaiti lakini ndilo lililo kubwa kuliko yote.

Katika ule upandaji wa mara tatu, sisi tulihesabu. Mradi mmoja, sitautaja, ulitupa fomu na kalamu, tukapima viwanja kwa kamba, tukahesabu miche hai na iliyokufa kila baada ya miezi mitatu. Nilizijaza mimi fomu zile kwa mwandiko wangu huu unaosomeka. Zikachukuliwa. Mradi ukaisha. Nilipotaka nakala ili tulinganishe na picha, nikaambiwa ziko kwenye mfumo. Mfumo gani? Wa ofisi. Naweza kuuona? Ni wa ndani. Baada ya kuzunguka sana nikapewa ripoti, na ndani ya ripoti kuna mchoro mmoja wa nguzo za rangi, hauna tarehe, hauna namba ya kiwanja, na miche yetu imejumlishwa na ya shehia nyingine mbili. Umeshaona mtu akichanganya karafuu mbichi na kavu kwenye gunia moja? Uzito upo, lakini mnunuzi gani atakwambia ni daraja gani?

Picha iliyopigwa kilomita 786 juu, na mashine ya watu wasiojua hori letu lipo, naipata kitandani kwangu kwa bando la elfu moja. Hesabu niliyoihesabu mwenyewe, nimeinama, tope likiwa magotini, sijaiona tena mpaka leo. Kama tungekuwa nayo, mwaka wa kwanza tu tungeona kwamba viwanja vya nje ya tuta viliishi na vya ndani vilikufa. Ilikuwa humo. Tuliiandika wenyewe bila kujua tunachokiandika, kisha ikafungiwa kabatini.

Ndiyo maana kamati iliamua safari hii daftari libaki kwetu, na nakala iwe wazi. Jedwali letu halina maringo: tarehe, siku ya mwezi, namba ya kijiti, aina ya mti, miche hai, iliyokufa, urefu wa maji kwenye chupa, na jina la aliyehesabu. Hilo la mwisho mtoto aliling'ang'ania. Anasema takwimu isiyo na mwenyewe haiulizwi swali. Tumeandika juu yake kwamba yeyote aitumie mradi aseme ameitoa wapi, masharti yaleyale ya data za Global Mangrove Watch. Vijana wa shehia ya jirani wameshaichukua, na wametupata kosa: kijiti namba 4 tulikihesabu mara mbili katika mwezi mmoja. Niliona haya kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba zile fomu zilizofungiwa hakuna aliyewahi kuzipata kosa, na si kwa sababu hazikuwa nalo.

Lakini uwazi nao una mipaka yake, na hapa nilibishana na mtoto mpaka chai ikapoa. Yeye alitaka kila kitu kiwekwe, na ramani juu. Akina mama wakakataa. Mahali wanapopata chaza na kaa wakubwa hapawekwi kwenye ramani ya dunia, wanajua kitakachofuata. Babu akaongeza mikomafi mitatu mikubwa iliyobaki, mbao yake wanaijua wachonga mashua. Mimi nikaongeza mti wanaolala popo wa Pemba, ambaye hayupo popote pengine duniani na ambaye wapo wanaompenda kwa mchuzi. Mtoto akaniambia hata huko kwa wenzetu wanafanya hivyo: kwenye iNaturalist, tovuti ambapo watu huweka habari za viumbe walivyoviona, mnyama aliye hatarini mahali pake hufichwa, anaonyeshwa ndani ya kisanduku cha kama kilomita 22. Nikamwambia kilomita 22 hapa Pemba ni upana wa kisiwa kizima. Kwa hiyo tumekubaliana: hesabu ya miche na maji iko wazi, mahali pa riziki hapatajwi, na jina la hori anapewa anayekuja kuliuliza kwa miguu yake. Ndiyo sababu sijalitaja.

Anayetaka kuanza, naomba asianze na kununua simu mpya. Aanze na mzee mmoja na swali moja: hapa maji yalikuwa yakipita wapi? Kisha afungue picha za kaskazi, Januari na Februari, wakati mawingu ni haba, achague rangi ile nyekundu, na aangalie kama kuna mstari ulionyooka. Tarehe ya picha aitazame pamoja na siku ya mwezi, asije akadanganywa na saa 4 na nusu. Wikendi usiku mtandao kwetu ni mzito, alfajiri baada ya sala ni mwepesi.

Wiki iliyopita nilifungua picha mpya. Kwenye lile doa kuna visanduku vinne upande wa chini ambavyo si kijivu tena. Si vyekundu, ni kama rangi ya tofali. Mtoto ameandika kutoka Unguja kwamba ni majani. Babu amesema inaweza kuwa majani makavu yaliyosukumwa na kusi. Bamvua ni Jumanne, tutakwenda kuangalia wenyewe, na kijiti namba 7 kinataka kubadilishwa pamoja na chupa yake, kwa sababu mbuzi wa mwenyekiti wamegundua ile njia juu ya tuta na wamejifunza kula mchu.